Lipa Kwanza, Ndipo Usikilizwe?

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wakubwa wetu mliokwisha kuondoka hapa shuleni, naomba kuwauliza neno moja. Kiranja akikuandika kwa kosa usilolitenda, ukapewa siku 10 za kufyeka nyasi, nawe ukaenda kulalamika kwa mwalimu, utaonaje akikujibu, "Fyeka siku 3 kwanza, ndipo nikusikilize"? (Najua, fedha hurudishwa, jasho halirudi. Nayajia hayo.)

Sheria ya Baraza la Rufani za Kodi ya Uganda ya mwaka 1997 ilimtaka anayepinga makadirio alipe asilimia 30 ya kodi aliyokadiriwa, au ile sehemu asiyoipinga, yoyote iliyo kubwa zaidi, wakati shauri lake linangoja. Na Katiba yetu ya mwaka 1995, katika kifungu cha 28, yampa kila mtu haki ya kusikilizwa bila upendeleo. Kifungu cha 44 chakataza haki hiyo isipunguzwe.

Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ilipewa kesi juu ya sharti kama hilo katika sheria ya kodi ya ongezeko la thamani, ikakata kwamba halivunji Katiba. Mwaka 2020 Mahakama ya Katiba ililegeza kidogo: asiyebishania kiasi cha kodi, bali sheria yenyewe, asilazimishwe kulipa.

Nakubali kwamba wako wajanja ambao wangepeleka rufani ili kuchelewesha tu, na hospitali haziwezi kuwangoja. Lakini asilimia 30 ya nini? Ya hesabu ya mtoza kodi, ile ile inayobishaniwa! Mwenye duka anayestahili kulipa shilingi 1,000,000, akiandikiwa 20,000,000 kwa makosa, atadaiwa 6,000,000 kabla ya kusikilizwa. Kosa likizidi ukubwa, mlango nao wazidi kuwa ghali. Kampuni itakopa benki, na ikishinda itarudishiwa. Huyu wa duka hana cha kurudishiwa, maana hakupata cha kutoa; siku 30 za kwenda barazani zitampita amekaa kibarazani kwake.

Mimi ningesema alipe ile sehemu anayoikubali, basi; na baraza lipewe uwezo wa kumsamehe sharti anayeonyesha kwamba hana. Wakubwa wetu walio mawakili, na hata walio watoza kodi, watujibu katika toleo lijalo.