Hajj ya Bei ya Kutupa: Kabla Hujamtumia Mzee Doo, Uliza Kama Kivuli Kimelipiwa

Wewe unayesoma hii ukiwa Eastleigh, South B ama Kisauni, na kwenu ni Mkokoni, tulia hapa dakika tano. Hii inakuhusu.

Kule ng'ambo ya Kiwayu, Lamu Mashariki, pesa haingii kwa simu kila mwisho wa mwezi. Inatoka baharini, na kusi likichafuka hata bahari yenyewe inagoma. Kwa hivyo mzee akikwambia ameweka akiba ya Hajj, jua hiyo ni miaka ya samaki na kamba, na ng'ombe mmoja ama wawili waliouzwa. Akiba ikikaribia kutosha, simu inapigwa mjini: "Mwanangu, imebaki kidogo tu." Na hapo hapo anatokea mjuaji mmoja mwenye form ya bei ya chini kuliko wote.

Hiyo bei ya chini ndiyo tunataka kuizungumzia. Maana mwaka 2024 watu walikufa kwa sababu yake.

Nini kilitokea 2024?

Hajj ya mwaka huo iliangukia katikati ya Juni. Tarehe 17, joto kwenye Msikiti Mtukufu wa Makka lilifika nyuzi 51.8. Soma tena: 51.8. Siku chache baadaye, Waziri wa Afya wa Saudia, Fahd Al-Jalajel, alitangaza kwamba mahujaji 1,301 walikuwa wamefariki. Kati yao kulikuwa na wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Lakini namba iliyofanya watu wakae kimya ni nyingine: asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali cha Hajj. Walitembea mbali, juani, bila kivuli wala mahali pa kupumzika.

Sasa piga hesabu. Mahujaji waliosajiliwa mwaka huo walikuwa zaidi ya milioni 1.8. Jua lilikuwa lile lile kwa wote. Ila mwenye kibali alikuwa na basi la kumpeleka Arafa, hema lenye AC kule Mina, na kikundi kinachojua kama amepotea. Asiye na kibali alikuwa na miguu yake. Kutoka Makka hadi Arafa ni kama kilomita 20, na watu waliingia kwa kujificha, wengi kwa viza ya matembezi, wakiogopa hata kukaribia askari kuomba msaada.

Misri ndiyo ililia zaidi, mamia ya raia wake walifariki. Serikali yake ilizifutia leseni kampuni 16 za usafiri. Tunisia, rais alimpiga kalamu waziri wa mambo ya dini. Hatua poa, lakini zilikuja watu wakishazikwa.

Usichanganyikiwe lakini. Kibali si dawa ya jua. Ile asilimia 17 iliyobaki ni watu kama 220 waliokuwa na karatasi zote na bado hawakurudi. Joto ni noma hata ukiwa umejipanga. Tofauti ni kwamba aliyejipanga ana pa kukimbilia.

"Sisi wa Pwani tumezoea joto"

Hii ndiyo kauli ya hatari zaidi utakayoisikia nyumbani. Mzee atakuambia amekaa mashuani mchana kutwa tangu utotoni, jua la Makka litamfanya nini? Usibishane naye kwa kelele. Mwelezee.

Joto la Mkokoni mchana wa kaskazi ni la nyuzi thelathini na kitu, na lina unyevu. Jasho linakutiririka, unajua umelowa, unajua una kiu. Halafu upepo wa bahari unakuja, unapoa. Makka ni kinyume. Hewa ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hivyo mtu anapoteza maji na ngozi yake bado kavu. Anadhani yuko fiti kumbe tenki linaisha.

Na upepo? Hewa ikiwa na joto kuliko mwili wako, upepo hauondoi joto tena, unakuongezea. Ni kama kusimama mbele ya tanuri la mkate mlango ukiwa wazi. Ule mwili uliozoea pepo za Kiwayu haujawahi kufanya mtihani huo.

Ongeza umri. Mtu akizeeka, kiu inachelewa kumwambia ukweli. Dawa zingine za presha zinatoa maji mwilini. Mwenye sukari naye mwili wake unapata taabu zaidi kujipoza. Na wengi wanaotoka vijijini kwenda Hajj si vijana wa miaka 25, ni wale waliochukua nusu ya maisha kukusanya nauli.

Kumbuka pia Mkokoni maji matamu ni ya kuhesabu, ya jabia na visima. Mtu aliyezoea kubania maji kila siku hawezi kugeuka ghafla awe mnywaji. Mwambie mapema: kule, kunywa kabla hujasikia kiu, si baada.

Je, miaka inayokuja itakuwa rahisi?

Kidogo. Kalenda ya Kiislamu inafuata mwezi, kwa hivyo Hajj inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ya 2025 ilikuwa Juni 4 hadi 9, na sasa inatoka kwenye kiangazi. Saudia nayo haijalala: mwaka 2025 iliongeza kivuli cha mita za mraba 50,000, mashine za kupoza hewa zaidi ya 400 na maelfu ya wahudumu wa afya.

Lakini Mei kule Makka bado ni nyuzi arobaini na kitu, na Aprili si baridi pia. Na kalenda huzunguka. Baada ya kama miaka 33, Hajj inarudi pale pale kwenye jua. Kuelekea 2050 itakuwa tena Agosti na Septemba, dunia ikiwa na joto zaidi ya leo. Wakati huo mzee anayeweka akiba utakuwa wewe.

Kazi yako wewe mwenye simu

Mzee hana muda wa kuingia mtandaoni kuhakiki viza. Wewe unao. Kabla hujabonyeza "tuma", fanya haya:

Moja, uliza ni viza gani. Ikiwa si ya Hajj, ikiwa ni ya matembezi, ya kazi ama ya umra, hapo hakuna Hajj, kuna kamari. Ajenti akijibu "tukifika kule tutapanga," kata simu.

Mbili, cheki kama ajenti anatambulika. SUPKEM kwa miaka mingi ndiyo imekuwa ikihusika na safari za mahujaji wa Kenya, kwa hivyo pa kuulizia papo.

Tatu, dai maandishi: hema la Mina, basi la Arafa, na kadi ya Nusuk ambayo hujaji hubeba kule. Visipoandikwa, havijalipiwa.

Nne, mpeleke mzee kwa daktari wiki kadhaa kabla, na dawa zake zote mkononi. Mnunulie mwavuli mweupe. Mwanaume akiwa kwenye ihramu hafuniki kichwa kwa kofia, ila mwavuli anaruhusiwa.

Tano, hakikisha mwenzake wa safari anajua dalili. Mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kupepesuka ama kuzimia kwenye joto, hiyo ni dharura. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, na msaada uitwe huku anaendelea kupozwa. Akiwa hajitambui, asinyweshwe kitu.

Na kama karatasi hazikamiliki mwaka huu? Ngojeni. Mzee atanuna, pengine atakwambia umekuwa Mzungu. Vumilia. Hajj ni faradhi kwa mwenye uwezo, na uwezo si nauli peke yake. Afya imo, na njia salama imo. Akinuna nyumbani Mkokoni, mwakani mtampigia tena hesabu mkiwa naye.