Goma: Dirisha la jiko halingoji nyumba mpya

Katika nyumba nyingi za mbao Goma, jiko ni kile chumba cheusi cha nyuma, mama anapika sombe na mtoto anakohoa mgongoni. Mwenye nyumba akiombwa dirisha, anajibu: ngojeni nijenge upya. Uongo! Kukata ubao mmoja karibu na paa, moshi utoke, hakuombi saruji. Mbabula ya udongo inakula makala kidogo, na makala yenyewe ni ghali. Mawe ya volkano yametapakaa kila avenue: mbabula iwekwe juu yake, mbali na mbao, mtoto asiungue. Ukutani chokaa, basi. Mwenye nyumba anayepandisha kodi kila wakimbizi wa ndani wanapofika, atashindwaje na kazi ya msumeno?