Wenye maduka ya harusi Nkome wahesabu harusi, si bei ya shela

PAMBA ikishauzwa na mpunga ukishaingia ghalani, kadi za michango ya harusi huanza kupita nyumba kwa nyumba katika kata ya Nkome, mkoani Geita. Mwaloni nako fedha huonekana zaidi siku za giza, dagaa wanapovuliwa kwa taa, na hupungua mbalamwezi inapokuwa kali. Kwa mkulima, mvuvi na mchimbaji mdogo wa dhahabu, harusi ni matumizi makubwa. Kwa mwenye duka la kukodisha mashela na suti, harusi hiyo hiyo ndiyo shamba lake.

Shamba huhitaji mbegu bora, na mbegu ya biashara hii ni shela. Hata hivyo, wafanyabiashara wengi wadogo wanapokwenda kununua huuliza swali moja tu: bei gani? Swali hilo linamfaa mtu anayenunua nguo ya kuvaa mwenyewe. Mwenye duka la kukodisha hanunui nguo, bali ananunua idadi ya harusi ambazo nguo hiyo itazihudumia kabla ya kuchakaa. Asiyelielewa jambo hilo hufanya kazi msimu mzima na mwisho hubaki na rundo la neti iliyochanika.

Mfano wa hesabu ni huu. Bei zilizotumika ni za kuonyesha tu. Shela la kwanza limenunuliwa kwa Sh250,000 na la pili kwa Sh600,000. Yote mawili yanakodishwa kwa Sh80,000. La kwanza hugharimu Sh20,000 kufuliwa na kushonwa upya kila linaporudi, na linamudu harusi tano. La pili hugharimu Sh15,000, na linamudu harusi 20.

Shela la bei rahisi huingiza Sh400,000. Ukiondoa ununuzi na matunzo hubaki Sh50,000, yaani Sh10,000 kwa kila harusi. Mtaji wake hurudi kwenye harusi ya tano, siku ile ile linapochakaa. Shela la bei kubwa huingiza Sh1,600,000, na baada ya gharama zote hubaki Sh700,000, sawa na Sh35,000 kwa kila harusi. Wahenga hawakukosea waliposema rahisi ghali.

Tahadhari hapa ni kwamba hesabu hiyo inasimama endapo harusi zipo. Shela la pili halijarudisha mtaji mpaka harusi ya kumi. Kwa hiyo kabla ya kuagiza, mwenye duka afungue daftari na kuhesabu alikodisha mara ngapi msimu uliopita. Kama hana uhakika wa harusi kumi kwa shela moja, ni heri alikodi kutoka duka kubwa la Geita mjini kuliko kukopa fedha za kulinunulia.

Baada ya hesabu ndipo unakuja uchaguzi wa mtengenezaji. Kwa duka la Nkome vyanzo ni vitatu: mafundi cherehani wa Geita na Mwanza, wauzaji wa jumla wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, na viwanda vya nje, hasa vya China, ambako mji wa Suzhou unajulikana kwa mashela, na vya Uturuki. Kila chanzo kina faida yake, lakini maswali ya kuuliza ni yale yale.

Swali la kwanza ni kama anayeuza ndiye anayeshona. Wengi wanaojitangaza mitandaoni kuwa viwanda ni madalali, na picha wanazotumia si za kazi yao. Dalali si mtu mbaya, ila shela likija na kasoro hana cherehani ya kulirekebishia. Mwenye duka aombe picha ya video ya shela lenyewe, ndani na nje, wala asiridhike na picha ya mwanamitindo.

La pili ni jinsi lilivyoshonwa. Shela la Nkome hukutana na vumbi, tope na turubai, na pengine hupanda mtumbwi kwenda visiwani. Shanga zilizobandikwa kwa gundi hudondoka kwenye ufuaji wa kwanza. Zinazofaa ni zilizoshonwa kwa uzi. Mkia mrefu hupendeza kwenye picha, lakini ndio unaotangulia kuchanika, hivyo uwe na vifungo vya kuukunja juu bibi harusi anapotembea na kucheza. Bitana ikiwa ya pamba hupunguza joto, na si aibu wakazi wa ukanda unaolima pamba kuidai.

La tatu ni kama shela linarekebishika. Shela la kukodisha huvaliwa na wengi, mnene na mwembamba, mrefu na mfupi. Mgongo unaofungwa kwa kamba huhudumia wanawake wengi zaidi kuliko mgongo wa zipu. Aidha, mshonaji aambiwe aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, ili fundi wa hapa aweze kupanua. Vipimo vitolewe kwa sentimita: kifua, kiuno, nyonga na urefu wa kutoka begani hadi chini bibi harusi akiwa amevaa viatu. Kutaja saizi kwa herufi ni kujitafutia hasara, kwa sababu saizi ya kiwanda kimoja si ya kingine.

Akishapatikana mtengenezaji anayejibu maswali hayo vizuri, asipewe oda kubwa siku ya kwanza. Anunuliwe shela moja la sampuli, lifuliwe, livaliwe, kisha ndipo waelewane. Makubaliano yaandikwe, hata kama ni ya ukurasa mmoja: kitambaa, rangi, vipimo, idadi, tarehe ya kukabidhi, na nani atabeba gharama likija na kasoro. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214 ya sheria za Tanzania, inataka bidhaa iliyouzwa kwa sampuli ifanane na sampuli hiyo. Lakini sheria haimsaidii asiye na karatasi wala risiti, na kumfuata mwenye kiwanda aliye Suzhou ni kazi kubwa kuliko thamani ya shela. Kinga ya kweli ni kulipa sehemu tu mwanzoni, na salio lilipwe baada ya kuona kazi iliyokamilika.

Kalenda nayo ni mtaji. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya mwishoni mwa Januari na katikati ya Februari, na viwanda vya huko hufunga kwa muda. Mzigo wa meli nao huchukua mwezi na zaidi, bado forodha. Anayetaka mashela ya msimu wa baada ya mavuno asisubiri Machi. Oda iwe imetoka Oktoba au Novemba. Kwaresima na Ramadhani, ambapo harusi hupungua, ndio wakati wa kufua, kushona na kuhesabu. Shela linalofika siku moja baada ya harusi si hasara ya kodi peke yake. Ni jina la duka linaloondoka, na katika kata ambayo watu wanafahamiana jina halirudi upesi.

Vilevile bei ya kiwandani si bei ya dukani. Kuna usafiri, Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na ushuru wa forodha. Tangu Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ngazi ya ushuru ya asilimia 35, na mavazi yamo katika bidhaa zilizolengwa. Wakala wa forodha aliyesajiliwa aulizwe kabla ya fedha kutumwa, si baada ya mzigo kufika bandarini.

Haya yote ni mazito kwa duka moja, lakini si mazito kwa maduka matano. Wenye maduka wa Nkome, Nzera, Katoro na Geita wakiagiza pamoja, watafikia idadi ambayo kiwanda kinaitaka na kugawana gharama za usafiri. Faida kubwa zaidi ni kubadilishana. Bibi harusi wa Nkome hapendi shela ambalo jirani yake alilivaa mwezi uliopita, lakini kwa bibi harusi wa Katoro shela hilo ni jipya. Hivyo shela moja litafikia harusi zake 20 mapema, kabla mtindo haujapitwa na wakati.

Wala si kila nguo itoke mbali. Magauni ya wasindikizaji na ya sherehe ya kumuaga binti hupimwa miilini na huhitaji kurekebishwa mara mbili tatu. Hiyo ni kazi ya fundi wa hapa hapa. Kufunguliwa kwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, mnamo Juni 2025 kumeondoa foleni ya kivuko kwa anayefuata vitambaa na mafundi Mwanza.

Halmashauri nazo zina wajibu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inaweza kuwafikia mafundi cherehani waliojiunga katika vikundi. SIDO nao wawafundishe kushona kwa vipimo na kwa tarehe, maana kasoro ya mafundi wengi si mkono, ni ahadi.

Mkulima wa pamba hachagui mbegu kwa rangi ya mfuko. Mwenye duka la harusi naye asichague shela kwa kung'aa kwake dukani Kariakoo. Aulize litafika harusi ya ngapi, na jibu aliandike kwenye daftari kabla hajatoa fedha.