Buibui Wazidipo Nyumbani

Masika yaingiapo, kuanzia Machi hata Mei, kumbikumbi na mbu huzidi, wakaifuata taa ndani ya nyumba. Buibui naye huifuata riziki yake. Hapo mama hulalamika, na kijana hukimbilia dawa ya kunyunyiza.

Taratibu! Buibui walio wengi majumbani hawamdhuru mtu. Kandokando ya Ziwa Viktoria, katika Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo arukaye, akaaye ukutani, apendaye zaidi kumla mbu aliyekwisha shiba damu. Wataalamu walilieleza jambo hilo mwaka 2005. Naye mbu wa Anofelesi ndiye aletaye malaria. Je, ni hekima kumwua mlinzi huyo, na kukitia sumu chumba alalamo mtoto?

Zibeni nyufa, fagieni utando kila juma, wala msiache chandarua kwa kumtegemea buibui. Sura ya 29 ya Kurani, Al-Ankabut, imeitwa kwa jina lake, na humo nyumba yake imepigiwa mfano wa udhaifu. Basi nyumba ishindwayo na ufagio, ya nini kuipiga vita kwa sumu?