Mwenye Fahali Hatangazi Mshindi

Kuna mwandishi anayewatetea wanasiasa na wafanyabiashara wanaojiandikia makala kwenye Wikipedia: nani awajue kuliko wao wenyewe? Hoja hiyo ingechekwa Kakamega. Kule Khayega fahali wanapopiganishwa, mwenye fahali hutembea na ngoma za isukuti akimsifu mnyama wake mpaka sauti imkauke. Ni haki yake. Lakini fahali akigeuza mkia na kutimua mbio, umati umeona. Hakuna anayemuuliza mwenyewe nani kashinda.

Tena, kwenye Wikipedia hakuna aliyemziba mdomo mtu anayeandikwa. Anaombwa ajitambulishe, aweke marekebisho yake kwenye ukurasa wa majadiliano pamoja na vyanzo visivyo vyake, wengine wapime. Tangu 2014, anayelipwa kuhariri analazimika kumtaja anayemlipa. Tunacholalamikia ni kujificha: akaunti iliyofunguliwa jana inafuta aya ya kesi mahakamani, inapachika “kiongozi mwenye maono”, na kwenye historia ya ukurasa inaacha maelezo, “nimesahihisha tahajia”. Tahajia gani hiyo!

Mwandishi huyo anadai pia eti wahariri wa kulipwa huwasaidia wadogo. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifungia akaunti 381 za mtandao uliopewa jina Orangemoody. Waliokamuliwa ni hao hao wadogo: wenye biashara ndogo na wasanii ambao rasimu zao zilikuwa zimekataliwa. Waliambiwa walipe ndipo makala zichapishwe, kisha wengine wakadaiwa pesa za kila mwezi ili zilindwe zisifutwe. Mama mboga yeyote anaujua msaada wa namna hiyo.