Maisha Yako Yasiandikwe na Steshenari

Nasema wazi, na wa kununa anune: vijana wengi wa mjini tunazunguka na CV ambazo hatukuziandika. Unaingia steshenari, unalipa, dada wa kompyuta anafungua faili la mtu aliyetangulia, anafuta jina lake, anaweka lako. Basi, tayari na wewe ni mchapakazi, mbunifu, usiyehitaji kusimamiwa. Jana alikuwa hivyo hivyo yule wa Mbagala, kesho atakuwa yule wa Manzese. Na wote, eti, mnapenda kusoma, kusafiri na kuangalia mpira!

Linaloniuma ni kwamba hata sisi tunaojiita waandishi tumo. Kijana atagombana kijiweni usiku kucha kwa sababu ya mshororo mmoja uliopungua mizani, lakini maisha yake mwenyewe anayaacha yaandikwe na mtu asiyemfahamu hata kidogo. Jamani!

Utaniambia, "Acha hizo bwana, kazi siku hizi ni kujuana." Sikatai, vimemo vipo. Lakini hebu fikiri: karatasi mia zikifanana mezani, mchaguzi atazitofautisha kwa lipi? Kwa ubini. Kwa aliyepigiwa simu. Karatasi yako tupu ndiyo inayompa nafasi mwenye mjomba. Ukiandika kitu halisi, angalau anayekuruka ajue anamruka nani.

Kitu halisi ni kipi? Usiniambie una "uzoefu wa biashara". Andika: "Mwaka 2022 hadi 2024 niliuza katika duka la vipuri Kariakoo, nikatunza daftari la mauzo na la madeni, nikahesabu mali kila mwisho wa mwezi." Hapo namwona mtu. Anza na kazi ya karibuni, kisha urudi nyuma. Wadhamini wawe watu wanaokukumbuka, tena waombe ruhusa kwanza. Na tangazo lisome neno kwa neno. Sekretarieti ya Ajira huandika kabisa kwamba karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi badala ya cheti, lakini bado watu wanaipeleka.

Wala sisemi utie chumvi. Ripoti ya uhakiki iliyotolewa Aprili 2017 ilitaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na ikaamriwa waondoke kazini. Uongo wa kwenye karatasi hauozi, unakusubiri tu.

Kazi huenda usiipate. Waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na CV nzuri haiongezi nafasi hata moja. Ila kunyimwa ukiwa wewe na kunyimwa ukiwa umevaa maneno ya mtu wa jana ni vitu viwili. Dada wa steshenari mpe kazi yake, akuchapie. Kuandika andika mwenyewe, leo usiku, kwa mkono, kwenye daftari lile lile la mashairi yako.