Siku nne za safari ya mvinyo: Dodoma, Naivasha au Cape?

MFANYABIASHARA wa vinywaji wa Mwigobero, mjini Musoma, anajua kwa kichwa bei ya katoni ya bia kwa kila wakala. Akiulizwa chupa ya mvinyo iliyoko rafu ya juu ilitoka shamba gani, jibu lake huwa ni neno moja tu: Dodoma.

Jibu hilo linamtosha mteja anayenunua chupa moja ya sherehe ya kipaimara. Halimtoshi mwenye duka la jumla, wala mwenye hoteli ya ufukweni anayetaka kuuza mvinyo kwa glasi. Dodoma moja ina viwanda vikubwa, vya kati na vya uani, na chupa mbili zenye jina la mji huo zinaweza kutofautiana kama sato na dagaa.

Njia ya uhakika ya kujua tofauti hiyo ni kwenda kuona na kuonja. Tatizo ni muda. Mwenye duka hawezi kufunga wiki nzima, na mwenye hoteli hapendi kumwachia kijana wa kaunta funguo kwa muda mrefu. Kwa wengi, siku nne ndizo zinazopatikana, na katika siku nne haiwezekani kutembelea kila mahali panapolimwa zabibu. Lazima achague.

Sehemu inayotajwa kwanza na kila aliyesoma kidogo juu ya mvinyo ni Cape, Afrika Kusini. Haina mpinzani barani Afrika. Mizabibu ilipandwa huko mwaka 1655 na mvinyo wa kwanza ulikamuliwa mwaka 1659. Mji wa Stellenbosch ulianzisha njia yake ya wageni wa mvinyo mwaka 1971. Mgeni anaingia shambani, anakaribishwa mezani, anaonja aina nne au tano na kununua chupa mlangoni.

Lakini kwa mtu anayetoka Mwigobero, siku ya kwanza inaishia kwenye viwanja vya ndege na siku ya nne vilevile. Nauli yake inaweza kujaza stoo. Zaidi ya hayo, anachojifunza huko hakimsaidii sana dukani, kwa kuwa mvinyo wa Cape unamfikia kupitia waagizaji wakubwa na hawezi kubadili lolote katika mnyororo huo. Cape ni safari ya starehe, na mwenye uwezo asizuiwe.

Naivasha, Kenya, ni hoja nzito zaidi. Ukivuka Sirari na kupita Migori, Kisii na Nakuru, ni karibu nusu ya safari ya Dodoma, na mtu aliyeondoka Musoma alfajiri anaweza kulala huko siku hiyohiyo. Nchi yenyewe ni ya kupendeza, mita zipatazo 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku kuna baridi, na ndiko ulikotoka mvinyo wa Leleshwa, uliopewa jina la kichaka kinachoota Bonde la Ufa.

Hata hivyo, zabibu za Kenya hazijawahi kuwa zao la wakulima wengi. Kampuni ya Kenya Wine Agencies, iliyoundwa mwaka 1969, iliwahi kujulikana kwa mvinyo wa mapapai kabla zabibu za Naivasha hazijapata jina. Mgeni anakwenda kuona mashamba ya kuhesabika kwa vidole, na kama hakupata miadi, anabaki na ziwa na viboko. Viboko hata Musoma wapo.

Aidha, katoni atakayonunua upande wa pili itapita forodha ya Sirari, ambako mvinyo hautazamwi kama gunia la vitunguu. Kuna ushuru wa bidhaa na kuna stempu ya kodi. Faida ya ukaribu inayeyuka hapo.

Inabaki Dodoma, na Dodoma ni mbali. Kutoka Musoma, kwa kupita Bunda, Lamadi, Bariadi, Shinyanga, Nzega na Singida, ni zaidi ya kilomita 800. Ni safari ya kutwa nzima kwenda na kutwa nzima kurudi. Kwa mkazi wa Bunda au Butiama hesabu haibadiliki sana. Anayeweza kupanda ndege Mwanza, moja kwa moja au kupitia Dar es Salaam kulingana na ratiba, anaokoa mgongo wake, lakini si lazima aokoe siku.

Kwa hiyo katika siku nne, mbili zinaliwa na barabara na mbili zinabaki za kazi. Ni siku chache, lakini ndizo zenye thamani kuliko siku tatu za Naivasha au mbili za Cape, kwa sababu kila kiwanda atakachoingia kinaweza kuwa msambazaji wake wiki inayofuata, bila mpaka wa nchi katikati.

Ikumbukwe kuwa zabibu za Dodoma zilianza kanisani. Wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu Bihawana katika miaka ya 1950, na divai ya misa ikawa mteja wa kwanza. Baadaye serikali iliunda kampuni ya Dowico, ambayo haikudumu. Hombolo ikapata kiwanda cha Cetawico, Alko Vintages wakaleta Dompo, na Tanzania Distilleries, watengenezaji wa Konyagi, wakatoa mvinyo wenye jina la Dodoma. Pembeni yao wapo wasindikaji wadogo wengi, baadhi wakikamua kwenye mapipa ya plastiki nyuma ya nyumba.

Jambo ambalo mgeni wa siku mbili hapaswi kukosea ni mwezi. Katika nchi za baridi mzabibu hulala wakati wa kipupwe, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma haina baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na takriban miezi minne baadaye anavuna. Anayepogoa baada ya masika anavuna Agosti na Septemba, na anayepogoa mwishoni mwa mwaka anavuna Februari na Machi.

Mavuno hayo mawili hayalingani. Yale ya Februari na Machi hukomaa wakati wa mvua, ukungu unashambulia majani na vichala, mkulima anatumia salfa nyingi, na sukari kwenye tunda hupungua. Yale ya Agosti na Septemba hukomaa katika kiangazi, jua kali mchana na ubaridi usiku, na ndiyo ambayo wakamuaji huyatamani. Anayefika Mei au Juni atakuta mizabibu iliyopogolewa muda mfupi uliopita na mitambo inayooshwa.

Safari ya wiki ya kwanza ya Agosti ina faida ya ziada. Maonyesho ya Nanenane katika viwanja vya Nzuguni huwakusanya wasindikaji wengi sehemu moja, na anayeonja kwa makini siku moja pale anaweza kujua ni nani wa kumfuata kiwandani siku ya pili. Gharama yake ni malazi. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa kishindo mwaka 2016, utekelezaji wa uamuzi wa mwaka 1973, vyumba vya bei nafuu hugombaniwa, na Bunge likikaa hali inakuwa ngumu zaidi.

Swali linalofuata ni upande gani wa Dodoma. Hapa ndipo wageni wengi wanapoteza muda, wakidhani mashamba yote yako kando ya mji. Kaskazini kuna Makutupora, chenye kituo cha utafiti wa zabibu ambacho jina lake limepewa aina nyekundu inayolimwa sana, na kaskazini mashariki kuna Hombolo na bwawa lake, kiasi cha kilomita 40. Kusini kuna Bihawana, Mbabala na Mpunguzi. Mashariki, wilayani Chamwino, kuna shamba la Chinangali II, ambako wakulima wadogo waliunganishwa kwenye umwagiliaji wa matone.

Kuzunguka pande zote tatu kwa siku mbili ni kuona vumbi. Kwa mnunuzi wa mvinyo, upande wa Makutupora na Hombolo unatosha, kwa kuwa anaona utafiti, shamba na kiwanda katika njia moja, na jioni anarudi mjini kuonja mvinyo wa Miyuji, unaotengenezwa na mapadri wa Damu Azizi. Mwenye nia ya kulima ndiye anayepaswa kwenda Chinangali, akaone mabomba na asikie habari za mikopo kutoka kwa waliokopa.

Mgeni asitarajie Stellenbosch. Dodoma haijawa na njia ya wageni iliyopangwa, na mlinzi wa getini hana kazi ya kumtembeza mtu asiye na miadi. Simu ipigwe wiki moja kabla, na safari ipangwe aondoke Jumapili, siku za kazi ziwe Jumatatu na Jumanne. Anayeondoka Alhamisi ana Ijumaa moja tu ya kazi, na Jumamosi anaweza kukuta ofisi zimefungwa.

Akishafika, asiulize bei kwanza. Aulize mvinyo umetokana na nini. Sheria za kodi kwa miaka mingi zimeuwekea mvinyo wenye zabibu za nchini zaidi ya asilimia 75 ushuru wa bidhaa mdogo sana kuliko unaotegemea zabibu za nje, kwa hiyo kiwanda kinajua jibu. Na wakulima wa Dodoma wanajua kwa nini swali hilo ni zito. Mara kwa mara wamelalamika kuwa zabibu zinaoza mashambani huku baadhi ya watengenezaji wakitumia mchuzi wa zabibu ulioagizwa. Tunda hilo halisubiri. Likishaiva, mkulima asiye na mkataba anauza kwa bei atakayopewa asubuhi hiyo, au anakamua mwenyewe na kuhifadhi mchuzi kwenye matanki, kama anayo.

Swali la pili ni la stoo. Mvinyo mtamu wa msindikaji mdogo, usiochujwa vizuri, unaweza kuchachuka upya ndani ya chupa na kusukuma kizibo, au kugeuka siki kabla ya Krismasi. Chupa iliyoonjwa ikiwa na ubaridi wa asubuhi ya Hombolo haitakuwa ileile baada ya kutwa nzima ndani ya buti la basi lenye joto. Busara ni kununua chupa chache za kila aina, kuzifikisha Musoma, kuziacha wiki tatu kwenye rafu ya kawaida, ndipo kuzionja tena na kuagiza katoni.

Kwa msindikaji mdogo mwenye mvinyo mzuri kuliko lebo yake, kuna kikwazo kingine. Chupa isiyo na alama ya TBS na stempu ya kielektroniki ya TRA, iliyoanza kutumika mwaka 2019, haiwezi kukaa kwenye duka la Mwigobero hata kama padri mwenyewe ameisifia. Mwenye duka ndiye atakayekutwa nayo siku ya ukaguzi, na leseni yake ya vileo ndiyo itakayowekwa mezani. Kwa hiyo namba ya stempu isomwe palepale kiwandani, kabla ya fedha kutoka mfukoni, na risiti iwe ya mashine.